Sungura Mwenye Mba: Usimwuze, Usimtupe

Nyumba nyingi za Beni na Butembo ziko na kibanda cha sungura nyuma ya jiko. Sungura haombi shamba kubwa. Nyasi na majani ya viazi vitamu vinamtosha, na mimba yake ni siku 31 tu. Tangu mauaji yalipoanza huku Beni mwezi wa kumi 2014, familia nyingi zilizokimbilia mjini hazina tena pa kuchungia mbuzi, lakini kibanda kidogo kinapata nafasi. Kwa wazazi, sungura ni franka za masomo. Kwa mtoto ni rafiki mwenye jina. Basi ngozi yake ikianza kukauka na kutoa mba, ni shida ya nyumba nzima.

Kwetu ilikuwa vile. Sungura wa binti yetu, aliyetoka sokoni, alipata unga mweupe mgongoni, akawa anajikuna usiku kucha. Jirani mmoja alisema tumpake mafuta machafu ya pikipiki. Mwingine alisema tumwoge na sabuni ya unga. Wa tatu alisema tu: “Kesho si ni soko?” Munganga wa nyama tuliyemwita alitandika kitambaa cheusi, akamchana manyoya polepole, kisha akatuambia tuangalie vizuri. Ule unga ulikuwa unatembea!

Kumbe mba haiko ugonjwa mmoja. Ikiwa juu ya mgongo na shingo, na inasogea kwenye kitambaa, ni vidudu vidogo sana vinavyokaa ndani ya manyoya. Ikiwa ni ukurutu mgumu kwenye pua, midomo, pembeni ya masikio na miguu, ni upele; vidudu vyake vinachimba ngozi yenyewe. Ukoko wa rangi ya kahawia ndani ya sikio, na sungura anatikisa kichwa, ni vidudu vya sikio. Usiubandue kwa nguvu, unamtesa bure; ukisha kutibu utaanguka wenyewe. Lakini ukiona duara lisilo na manyoya, lenye magamba, hiyo ni choa. Choa haiko kidudu, ni kuvu, na dawa yake ni nyingine.

Mafuta ya pikipiki, hapana! Sungura anajilamba mwili mzima, kwa hiyo utamlisha sumu. Maji nayo, kwa baridi ya Butembo, yanaweza kumwua mbele ya ule ugonjwa.

Dawa ya vidudu inayotumika sana ni ivermektini. Unaijua: ni ile iliyo ndani ya vidonge vya Mectizan, vinavyotolewa bure tangu 1987 kwa ajili ya upofu wa mto. Lakini chupa ya sindano ya ng'ombe ni kali: mililita 1 inatosha nyama ya kilo 50. Sungura wa kilo 2 anahitaji sehemu 1 ya 25 ya mililita hiyo, ni kama tone. Kwa hiyo mwachie munganga apime. Butembo iko na Université Catholique du Graben, iliyoanza 1989, ambayo inafundisha waganga wa nyama. Hatukosi wa kuuliza. Na dawa ya nyama isitumiwe kwa mtu, wala usimle sungura mbele munganga hajakuambia siku zimetimia.

Watu wengi wanashindwa hapa: sindano moja haitoshi. Dawa haiui mayai ya vidudu, kwa hiyo inarudiliwa kisha juma mbili hivi. Tibu sungura wote wa kibanda, hata wale wanaoonekana wazima. Choma nyasi za kulalia, sugua mbao na maji ya moto, anika kibanda juani. Sungura mpya akae peke yake juma mbili au tatu kwanza. Watoto wanawe mikono kwa sabuni, kwani choa inaruka kwa mtu, na vidudu vinawasha ngozi. Mtoto akitoka duara mkononi, mpeleke kwa munganga wa watu.

Sasa, wazazi na vijana, neno la mwisho. Kuuza sungura mgonjwa ni rahisi: soko limejaa, na mnunuzi haangalii masikio. Lakini yule mnunuzi pengine ni mama aliyekimbia vita, na hizo ni franka zake za mwisho. Unamwuzia nyama, unamfungia na ugonjwa wa kibanda chake chote. Sungura wa binti yetu alipona kisha mwezi mmoja na nusu, na mwaka ule alizaa watoto saba. Anayemtibu sungura wake analinda kibanda cha jirani pia. Leo jioni chukua kitambaa cheusi, uchane, uangalie.