Mama Hakutaka Kwenda kwa Sheha

Mama yangu anakaa Wawi, si mbali na kiwanda cha makonyo. Alizaliwa mwaka 1949. Ana ugonjwa wa mapafu usiopona. Akitoka kisimani husimama mara tatu njiani kutafuta pumzi. Usiku hulala ameegemea mito.

Kwanza tulidhani ni kifua kikuu. Majirani wengine waliacha kunywa naye kikombe kimoja. Nilimpeleka hospitali, wakampima makohozi bila ya malipo. Hakuwa na kifua kikuu.

Daktari alimwuliza, "Bibi, miaka yote unapikia nini?"

"Kuni na makumbi," alijibu mama. "Kwani watu hupikia nini?"

Mama hajapata kuvuta hata sigara moja. Lakini daktari alisema kuwa moshi wa jikoni nao huharibu mapafu kama tumbaku. Njia za hewa huwa nyembamba. Ugonjwa huu hauambukizi. Dawa haiuondoi, ila humpa mgonjwa nafuu.

Dawa yenyewe huvutwa kwa mdomo. Watu huiita pampu. Mara nyingine tuliipata bure, mara nyingine tuliinunua dukani. Mwaka 2021 sikuwa na fedha kabisa. Nikakodisha mikarafuu 4 ya mama kabla karafuu hazijakomaa. Aliyekodi alichuma, akaanika, akauza ZSTC. Alipata zaidi ya mara mbili ya fedha alizonipa. Mimi ni bwana shamba, nina cheti cha kilimo. Kila mwaka nawaambia wakulima wasiuze karafuu zikiwa bado mtini. Siku ile niliona haya kupita njia kuu.

Kumbe mama alikuwa na fedha zake zinamngoja. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016. Ni ya kila mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mama alitimiza miaka 70 mwaka 2019, lakini hakujiandikisha. Nilimwuliza kwa nini.

"Sikuzaa watoto sita ili nikaombe kwa sheha," alisema.

Kosa lilikuwa langu pia. Nilijua habari za pensheni hiyo, na sikumwuliza hata siku moja.

Nilimweleza sheha, naye akaja nyumbani mwenyewe. Alikaa barazani, akanywa chai, akamwambia, "Bi mkubwa, hii si sadaka. Kila aliyefika umri anapewa."

"Hata mwenye mashamba makubwa?"

"Hata huyo."

"Basi niandikeni."

Akaingia ndani kutafuta kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi. Kilikuwa chini ya kanga, sandukuni. Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, kitafute kitambulisho chake leo, usingoje augue.

TASAF ni jambo jingine. Mpango ule ulichagua kaya maskini sana, na kaya yetu haikuchaguliwa. Sisi tuna mikarafuu, ingawa mwaka ule tuliila kabla ya wakati.

Shilingi 50,000 hazimalizi haja zote. Hununua pampu na nauli, na sukari kidogo. Lakini msaada mwingine haukutugharimu kitu. Mama alikuwa akibonyeza pampu na dawa inaishia ulimini. Muuguzi alichukua chupa tupu ya plastiki ya nusu lita, akatoboa tundu kitakoni, akachomeka pampu ikabana. Mama huweka midomo kwenye mdomo wa chupa, hubonyeza mara moja, kisha huvuta pumzi taratibu. Nilidhani ni mchezo. Kumbe mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walieleza kuwa waliijaribu chupa kama hiyo kwa watoto wenye pumu. Ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua.

Ndugu zangu nami tulibomoa ukuta mmoja wa jiko ili moshi utoke. Majirani wale wa kikombe, walipojua kuwa ugonjwa hauambukizi, walirudi. Sasa wanamtekea maji kwa zamu. Wajukuu ndio wanaopika. Mama amekatazwa kukaa karibu na moto, lakini tukigeuka tu hujipenyeza jikoni kupuliza kuni. Anasema wali wa wajukuu ni bokoboko.