Mafiga ya Engare Nanyuki

Upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, pale mteremko unapolainika ukielekea nyika ya Wamaasai, ndipo ilipo Engare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu, ingawa sisi tuliolelewa huko tuliyajua maji hayo zaidi kwa kuyatia meno yetu rangi ya hudhurungi, alama ambayo hata leo, nikicheka sokoni Arusha, humfanya mzee mwenyeji aniulize natoka upande gani wa mlima.

Nilikuwa mchunga ndama ilipowadia tarehe 17 Novemba 1951. Tume ya Jaji Mark Wilson ilikwisha kushauri kwamba ardhi iliyo baina ya Meru na Kilimanjaro iwe milki moja ya walowezi wa Kizungu wafugao ng'ombe, na Wameru wapatao 3,000 wakaamriwa kuhamia King'ori, kwenye joto na mbung'o. Wazee hawakuondoka kwa hiari, wala fidia hawakuipokea, kwani apokeaye fedha amekiri kuwa ameuza. Lakini mkono hawakuuinua. Nyumba zikatiwa moto. Nami sikumbuki vilio kama nikumbukavyo ukaidi wa bibi yangu, aliyeamka alfajiri akafagia uwanja wake kama angojeaye wageni wa harusi, kisha akakataa katakata mafiga yake yang'olewe.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “chukua chungu. Jiko liache, tutalikuta.”

Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru mwenzetu, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, alilifikisha shauri letu New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, ambao Uingereza ilitawala Tanganyika kwa amana yake. Lakini katika Baraza Kuu theluthi mbili ya kura haikupatikana. Wenye elimu husema kwamba safari ile iliwaamsha watu wa Tanganyika nzima, nami siwapingi, ila kwetu King'ori tuliendelea kuzika ng'ombe.

Tulirejea baada ya uhuru. Kijiji kilikuwa majani matupu, na senyenge imekatiza palipokuwa uwanja wetu. Bibi, ambaye nuru ya macho ilikwisha kumpungua, alitembea akigonga ardhi kwa mkongojo hadi jiwe lilipolia, na la pili halikuwa mbali. La tatu tulilitafuta hata jua likatua. Kulipokucha nikaliona, bado lina weusi wa masizi upande mmoja, limeshindiliwa chini ya nguzo ya senyenge. Bibi akalipapasa, akaketi chini, akaanza kuifukua nguzo ile kwa mikono yake.