Shahada Iliyoandikwa Juja

Sehemu ya shahada yangu ya uuguzi iliandikwa Juja, Kenya, na mtoto wa kaka yangu, mimi nikiwa kazini Massachusetts. Niliandikishwa kwa jina langu, nikalipa karo kwa jina langu, nikapewa alama kwa jina langu. Maneno yalikuwa yake. Mwaka 2023 nilikiri kosa hili mbele ya mwalimu wangu, lakini nilikiri nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Wakenya wengi wa Lowell, Massachusetts, tumepanda ngazi moja. Unaanza kama CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, katika nyumba ya wazee, unaosha watu na kuwageuza vitandani. Unasoma miaka miwili chuo cha jamii, unafanya mtihani wa leseni wa NCLEX, unapata leseni ya RN, muuguzi aliyesajiliwa. Leseni hiyo inakuruhusu kufanya kazi yote ya muuguzi wodini, ila hospitali nyingi sasa hazitosheki nayo. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kwamba kufikia 2020 wauguzi 80 katika kila 100 wawe na shahada ya kwanza. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowapa wauguzi wapya miaka 10 kuipata. Kwetu haikuwa sheria ya jimbo, ilikuwa sharti la ajira: nilitia saini kwamba nitaipata ndani ya miaka mitano.

Kuomba nafasi ya kusomea shahada hiyo kulikuwa rahisi. Programu za mtandaoni za aina hii zinamchukua mtu ambaye tayari ni muuguzi, kwa hiyo hawakufundishi upya kuchoma sindano. Walitaka leseni hai isiyo na doa, nakala rasmi za alama zangu na insha fupi ya kujieleza. Shahada ni krediti 120, na nyingi nilizihamisha kutoka chuo cha jamii. Zilibaki kama 30 hivi. Nilihakikisha programu ina ithibati ya CCNE, tume inayoidhinisha masomo ya uuguzi, kwa sababu nilishasikia habari za watu waliolipa maelfu ya dola kwa shahada ambazo waajiri walizikataa. Yote hayo niliyafanya kwa uangalifu. Ile insha niliiandika mwenyewe, usiku mmoja, na mpaka leo naipenda. Niliandika kwamba nataka kuelewa kwa nini tunafanya tunayoyafanya wodini.

Masomo yalipoanza nikagundua kwamba darasa lenyewe ni maandishi. Hakuna mwalimu anayekusimamia, hakuna mwenzako wa dawati. Kila wiki mwalimu anaweka swali. Ifikapo Jumatano usiku wa manane uwe umeandika jibu lako lenye marejeo ya tafiti, na kabla ya Jumapili kwisha uwe umewajibu wenzako wawili. Juu ya hayo kuna karatasi ya kurasa sita au nane, na somo zima linakwisha kwa wiki chache tu kisha linalofuata linaanza. Kuandika ndiko kusoma. Ukiondoa kuandika, hakuna kilichobaki ila risiti ya karo.

Nilikuwa nafanya kazi saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili wa shule. Somo la takwimu lilinikuta nimechoka, na hisabati niliyosoma mara ya mwisho nikiwa kidato cha nne ilikuwa imenitoka kabisa. Nilimpigia kijana wetu wa Juja anieleweshe tofauti kati ya wastani na wastani wa kati. Nilimlipia sehemu ya karo ya chuo kikuu, alisomea takwimu na uchumi, akamaliza na alama nzuri, na hakuajiriwa. Amebeba jina la baba yangu, ndiyo maana namwita Baba. Alikuwa anaishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, kazi ambayo imewalisha vijana wengi wa Kenya waliosoma wakakosa ajira.

Alinieleza vizuri sana. Nikamwomba aniangalizie jibu nililoandika. Wiki iliyofuata nikamwomba anianzie. Iliyofuata nikampa nywila yangu.

Saa zilitupendelea. Usiku wa manane wa Jumatano kwetu ni saa moja au saa mbili asubuhi ya Alhamisi kwao, kutegemea majira. Mimi nikiwa nabadilisha dripu na kupima presha, yeye alikuwa anamalizia jibu langu na kulituma kabla ya muda kufungwa. Programu za kunasa wizi wa maandishi hazikuona kitu, kwa kuwa hakunakili popote. Alikuwa anasoma na kuandika upya kila mara, kama mwanafunzi mwaminifu. Nilimlipa kwa ukurasa, zaidi kidogo ya wateja wake wengine, na nikajiambia namsaidia mtoto wa kaka yangu. Naliandika hili kwa aibu. Kijana mwenye akili kunishinda alikuwa ananifanyia shahada kwa dola chache, na mimi nilitaka kushukuriwa.

Katika somo la utafiti tulipangiwa makala maarufu ya Linda Aiken na wenzake ya mwaka 2003. Walichunguza wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za Pennsylvania, wakakuta kwamba kila sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Najua hayo kwa sababu nimeisoma makala yenyewe baadaye. Wakati ule aliisoma yeye. Alinipigia simu amefurahi. "Shangazi, kumbe hii karatasi unayoitafuta inaokoa watu kweli!" Nikamjibu kwamba naingia kazini, tutaongea kesho. Hatukuongea. Hospitali yangu leo inaponadi asilimia ya wauguzi wake wenye shahada, mimi nimo katika hesabu hiyo.

Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 kwa kuuza vyeti bandia vya uuguzi kupitia vyuo vitatu vya Florida. Vyeti zaidi ya 7,600 viliuzwa, na takriban wanunuzi 2,400 walifaulu mtihani wa leseni. Habari hiyo ilituumiza sana sisi wauguzi wahamiaji, maana tulijua macho yatatugeukia. Kwenye chumba cha mapumziko niliongea kwa ukali kuliko wote. Nilisema watu hao wanacheza na roho za wagonjwa. Wiki hiyo hiyo Baba alikuwa ananiandikia karatasi ya somo la kuboresha huduma.

Karatasi hiyo ilihusu maambukizi ya njia ya mkojo yanayotokana na mpira wa mkojo (katheta). Ni jambo zito hospitalini. Tangu Oktoba 2008 bima ya serikali ya Medicare haizilipi hospitali nyongeza kwa maambukizi ya aina hiyo yaliyopatikana humo humo, na kwa mgonjwa mzee yanaweza kuingia kwenye damu na kumuua. Dawa yake kubwa ni rahisi: usiweke mpira bila sababu, na kila siku uliza kama bado unahitajika, kama hauhitajiki, utoe. Wodi yetu ilikuwa imeanza utaratibu huo. Meneja, akijua nasomea shahada, akaniomba niwaelezee wenzangu takwimu za robo mwaka.

Takwimu hizo huhesabiwa hivi: unachukua idadi ya maambukizi, unagawa kwa jumla ya siku ambazo wagonjwa walikuwa na mpira, unazidisha kwa 1,000. Chukua mfano. Robo ya kwanza kuna maambukizi 3 katika siku 600 za mpira. Kiwango ni 5. Mkianza kutoa mipira mapema, siku zinashuka hadi 250, maambukizi yanabaki 2. Kiwango sasa ni 8. Walioambukizwa wamepungua, wagonjwa wengi hawakuwekewa mpira kabisa, lakini namba imepanda, kwa sababu kinachogawanya kimepungua zaidi na waliobaki na mpira ni wale mahututi. Asiyeelewa ataona kushindwa mahali palipo na ushindi.

Mimi sikuelewa. Nilisimama mbele ya wauguzi wenzangu nikaonyesha mstari unaopanda, nikasema utaratibu mpya haujafanya kazi. Walionisikiliza walikuwa wamechoka, na kuuliza kila siku juu ya kila mpira ni kazi ya ziada. Hakuna aliyetangaza kuuacha. Ulififia tu. Kwa majuma kadhaa, hadi muuguzi wa kuzuia maambukizi alipopitia hesabu na kutusahihisha, mipira ilikaa ndani ya watu siku ambazo haikupaswa kukaa. Siwezi kukuonyesha mgonjwa mmoja na kusema huyu niliumiza mimi. Wala siwezi kusema hakuna.

Jioni ile tuliposahihishwa nilifungua karatasi "yangu." Ukurasa wa tano ulikuwa na aya nzima inayoonya kuhusu jambo hilo hilo: kiwango kinaweza kupanda wakati madhara yanashuka, kwa hiyo tazama pia idadi yenyewe na matumizi ya mpira. Pembeni mwalimu alikuwa amenisifu, akaandika kwamba muuguzi anayeelewa hili ni hazina kwa wodi yake.

Katika kazi yetu, kumwandikia mgonjwa presha ambayo hukumpima ni kosa la kukunyang'anya leseni, na ni haki. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa akili yangu mwenyewe: nimejaza kwenye faili kwamba najua, na hakuna aliyepima.

Nilimwandikia mwalimu. Tulikutana kwa video, yeye na mkuu wa programu. Nilisema karatasi ile haikuwa yangu, wala majibu ya kila wiki ya somo lile. Jina la aliyeandika sikulitaja. Walinipa F, wakaweka onyo kwenye rekodi yangu, wakaniruhusu kurudia somo kwa gharama yangu. Adhabu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Kisha mkuu wa programu akaniuliza kwa upole, "Kuna somo lingine?"

Nikasema hakuna.

Yalikuwepo mawili: takwimu na utafiti. Nilihofia kufukuzwa, nikahofia sharti la kazi, nikawafikiria watoto. Kumdanganya mtu aliyenionea huruma kulikuwa kubaya zaidi ya yote niliyoyafanya kabla, na nilifanya hivyo nikiwa nimelala vizuri, nimetulia, bila zamu ya usiku ya kulaumu. Masomo yaliyobaki niliyafanya mwenyewe. Saa za mafunzo ya vitendo ya somo la afya ya jamii nilizitumia katika kituo cha wazee, nikizunguka na muuguzi wa hapo nikijifunza kwa nini wazee wa jengo moja walikuwa wanaanguka kila mara. Niliandika kwa shida, nikapata alama za wastani, na nikajua kila nilichoandika. Mwaka 2024 nikahitimu.

Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Eloïse King, *The Shadow Scholars*, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, anawafuata vijana wa Kenya wanaoandikia wanafunzi wa nchi tajiri. Nyuso zao zimefichwa. Nilipoitazama niliwaza ni wangapi kati yao wana shangazi kama mimi. Watu hukasirika wakisikia biashara hii, na hasira zao mara nyingi huwaangukia walioandika. Mimi nasema aliyenunua ndiye mwenye kosa kubwa. Baba hakuidanganya hospitali yoyote. Alijifunza kwa bidii somo nililopaswa kulijifunza, kisha akanipa, na mimi sikulifungua.

Nilimpigia kumwambia nimeacha na kwamba nimekosa. Wateja wengine nao walikuwa wamepungua tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kwa hiyo nilikuwa namkatia kipato akiwa katika hali mbaya. Alinyamaza kidogo, akasema, "Shangazi, mimi nilidhani unazisoma." Alikuwa ananitumia kila karatasi na maelezo kando, kwa Kiswahili, ya kila jedwali. Nayo sikuwa nimeyasoma.

Sasa nimeyasoma. Na nimewaandikia wale wa chuo barua nyingine, nikayataja masomo mawili, nikasema pia kwamba mwaka 2023 niliulizwa nikasema uongo. Meneja wangu nimemwambia ana kwa ana, kabla hajasikia kwingine. Shauri liko mbele ya kamati, na inaweza kuifuta shahada. Ikifanya hivyo sitapinga. Katika barua nimeomba kitu kimoja, kwamba vyovyote watakavyoamua waniruhusu kurudia takwimu na utafiti, mwenyewe, tangu wiki ya kwanza. Nimewekwa kwenye kikundi cha wodi kinachofuatilia mipira ya mkojo, na kila mwezi nawekewa hesabu mezani.