Eti "Tutakupigia"

Wadau, najua nimeadimika. Sikuwa na raha, na mtu asiye na raha haandiki, anabaki kuchungulia simu tu. Wiki tatu nzima nimeenda na simu mpaka bafuni. Nilikuwa nasubiri kupigiwa.

Ilikuwa hivi. Niliitwa usaili wa afisa mikopo kwenye kampuni moja ya mikopo midogo kule Mbagala Rangi Tatu, jina nalihifadhi. Msinicheke. Najua nasomea ualimu hapa Chang'ombe, lakini kaka na dada zetu waliomaliza si tunawaona mtaani na vyeti vyao kwenye bahasha? Tangu Januari 2025 hata walimu wanapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na foleni yake mnaijua. Nikasema hesabu ni hesabu, ziwe za ubaoni au za riba.

Sikwenda kichwakichwa. BoT ilipofungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni Novemba 2024, nilijifunza kuangalia leseni kwanza. Orodha ya wakopeshaji wa daraja la pili, wale wanaokopesha bila kupokea amana, iko kwenye tovuti yao. Kampuni nikaikuta humo. Safi.

Usaili wenyewe ulikuwa bomba. Mezani walikaa watatu. Swali lililonibamba ni hili: "Mteja wako ana genge la mboga. Rejesho la wiki hii hajaleta na simu hapokei. Utafanyaje?" Nikajibu kama niko mbele ya darasa: nitamfuatilia. Nampigia tena, asipopokea naenda gengeni, namsalimia, namuuliza biashara inakwendaje. Siachi jambo lilale. Yule baba wa katikati akatabasamu. "Tutakupigia ndani ya wiki mbili."

Wiki mbili zikaisha. Kimya. Kila namba ngeni ikipiga moyo unaruka, kumbe ni mtu kakosea namba. Mwenzangu wa chumbani akanionya, "Usipige bwana, utaonekana una njaa." Sasa njaa si ninayo kweli jamani? Bumu lilishakata zamani.

Wiki ya tatu nikaenda Tandika kumsalimia mama mdogo. Anauza vitumbua, na yuko kwenye mkopo wa kikundi, ile mnayodhaminiana watano, marejesho kila wiki. Tumekaa, simu yake ikaita. Akaiangalia, akaigeuza kifudifudi kwenye mkeka. Ikaita tena. Hakuigusa.

Mimi nikamweleza yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, mimi nikichelewa siku moja, saa kumi na mbili asubuhi wameshanipigia. Ya pili wako mlangoni, majirani wote wanajua. Hao wa kwako wamejiwekea wiki mbili wenyewe, wamezipitisha, halafu mwenye haya ni wewe?"

Duh. Sikuwa na jibu.

Jumanne saa tatu asubuhi nikatuma ujumbe: "Habari za kazi. Mimi ni fulani, nilifanya usaili wa afisa mikopo tarehe 4. Tuliambiwa majibu ni ndani ya wiki mbili. Naomba kujua yamefikia wapi. Asante." Sikuweka "samahani kwa usumbufu". Niliiandika, nikaifuta. Mpaka saa nane kimya, nikapiga.

Akapokea dada mmoja mpole tu. "Ah, ile nafasi mbona ilishajazwa? Hukuambiwa?" Miguu ikaisha nguvu. Lakini nikakumbuka ya gengeni, nikauliza, "Dada, naomba kujua nilipungua wapi." Akanyamaza kidogo, akasema walikusifia, ila walitaka mtu wa kuanza mara moja, wewe bado una mitihani. Ukimaliza leta barua tena.

Dakika mbili, wadau. Wiki tatu za kukosa usingizi zimeisha kwa dakika mbili, na jibu lilikuwepo siku zote. Kwa hiyo nawaambia wenzangu: kabla hujatoka chumba cha usaili, uliza majibu ni lini na umpigie nani. Siku ikipita, mpe siku mbili tatu za ubinadamu, kisha uliza. Si kujikomba. Waliahidi wao.

Kilichobaki kinanisumbua ni kingine. Kwenye mkeka ule zilikuwepo simu mbili. Moja mwenyewe anaomba iite, nyingine mwenyewe anaomba inyamaze. Na kazi niliyokuwa naililia ni ya kuipiga ile ya pili. Pale kwenye usaili nilisema nitamfuatilia mteja kwa heshima, na nilimaanisha. Ila sikuwa nimewahi kuona uso wa anayepigiwa.

Barua nitapeleka tena au la? Sijui bado. UE zipite kwanza.

Tupo pamoja.