Kisahani cha Majivu Mlangoni mwa Choo

Kanisani kwetu Kamakwa, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ushuhuda hupewa dakika tano. Mchungaji hatazami saa, lakini kuna mama mmoja wa kwaya ambaye dakika zikiisha huanza kutikisa kayamba polepole, na usipoketi kayamba linapanda sauti. Kwa hiyo mara ya kwanza niliposimama kueleza nilivyoacha sigara, nilisema hivi: nilinaswa nikivuta ndani ya ndege, nikaaibika mbele ya watu, nikaacha. Watu wakasema amina. Nikaketi nikijua nimeruka karibu miaka mitatu.

Hapa hakuna kayamba, basi nianze mwanzo.

Nilianza kuvuta mwaka 1995, nikiwa makanga wa matatu za Nyeri kwenda Nairobi. Guka, yaani babu yangu, alikuwa mtu wa ugoro, na kwake sigara ilikuwa tabia ya wahuni wa stendi. Hakukosea sana. Ukiwa stendi saa kumi za alfajiri, baridi ya mlima inakuingia mpaka kwenye meno, na mwenye sigara ndiye mwenye moto. Nilivuta moja kabla gari halijajaa, moja Karatina, moja Makutano wakati abiria wananunua maembe, na nyingine tukishashusha watu River Road. Nilinunua kijiti kimojakimoja, kama kila mtu.

Siku hizo abiria walivuta humo humo garini. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa, ila mvutaji alitakiwa kukaa kiti cha nyuma na kufungua dirisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndege nazo zilikuwa na mpango uleule: wavutaji nyuma, wengine mbele, na moshi ukisafiri bila kuulizwa tiketi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha azimio mwaka 1992 kuzitaka nchi zikomeshe uvutaji katika safari zote za kimataifa kufikia tarehe 1 Julai 1996. Kumbe mwaka uliofuata ule nilioanza kuvuta, angani walikuwa wanapewa siku ya mwisho.

Kwetu nidhamu ilichelewa kidogo. Februari 2004 zikaja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo: mikanda na vidhibiti mwendo, na sisi makanga tukavalishwa sare. Kisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kufanya kazi Julai 2008, ikapiga marufuku kuvuta hadharani, magari ya abiria yakiwemo: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Na nani wa kuitekeleza garini kama si makanga?

Nilikuwa hodari. Mlevi au mkorofi humpigii kelele. Ukimpigia umempa jukwaa. Unainama karibu na sikio lake, unamwita mzee hata kama ni kijana, unaitazama sigara badala ya kumtazama usoni, na unasema kwa sauti ya chini kabisa: "Mzee wangu, zima hiyo tuendelee na safari." Sauti ile ilinifanya nitafutwe na wenye magari. Nilishawahi kumshusha jitu la miraba minne Sagana bila kunyanyua mkono.

Abiria mkorofi wa angani sikumfikiria kamwe, isipokuwa siku moja. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege kubwa ya British Airways iliyotoka Gatwick kuja Nairobi ikiwa na watu karibu 400 ilivamiwa chumba cha rubani na abiria aliyekuwa mgonjwa wa akili. Aling'ang'ania usukani, ndege ikaporomoka maelfu ya futi kabla rubani mkuu, William Hagan, na wenzake hawajamtoa kwa msaada wa abiria. Walitua Nairobi salama. Kwenye stendi habari ile ilizungumzwa wiki nzima. Sisi makanga tulicheka tukasema wazungu wangetuajiri sisi. Yule mtu alihitaji daktari, lakini mimi nikabaki na picha moja kichwani, kwamba mkorofi wa ndege ni mtu wa namna hiyo: kichaa, au mlevi wa kupindukia. Mimi singekuwa yeye.

Mwaka 2012 nilienda Ghuba kuendesha malori. Desemba 2014 nikarudi likizo. Kwenye uwanja wa ndege kulikuwa na chumba cha kuvutia, cha vioo, wanaume tumesongamana kama mbuzi siku ya soko la Karatina. Nilivuta tatu mfululizo, nikaona nimeweka akiba ya saa tano za angani. Akiba ile ilidumu mpaka chakula kilipoliwa tu. Kahawa ikaja, na kahawa bila sigara sikuwa nimeinywa tangu ujana. Nikasimama nikaenda choo cha nyuma. Kulikuwa na ujanja niliofundishwa na dereva mwenzangu kambini wa kukwepa kile kifaa cha kunasa moshi. Sitausema, maana haukufanya kazi.

Sikuwa nimefika hata nusu ya kijiti mlango ulipogongwa. Nikatupa kipande ndani ya pipa la karatasi, nikafungua. Msichana mhudumu hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu, kisha pipa. Akanipita, akafungua chupa ya maji akamimina yote pipani, akafungua ya pili, akaomba ya tatu kwa mwenzake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Uso wake haukuonyesha lolote.

Nami, badala ya kunyamaza, nikajibu kama wale niliokuwa nikiwashusha Sagana. Kwenye mlango wa choo chenyewe kulikuwa na kisahani cha majivu, cha chuma, kimechongewa mahali pake. Nikakionyesha kwa kidole. Kama hairuhusiwi, hiki mmekiweka cha nini?

Akainama karibu na sikio langu. Alikuwa ameshaomba pasipoti yangu, na alipoona jina aliacha Kiingereza akanisemesha Kikuyu, taratibu, akaniita baba. Alisema kiko pale kwa sababu wanajua kuna mtu atavuta tu, na mtu huyo akishakosea, afadhali kipande kiishie kwenye chuma kuliko kwenye karatasi. Kisha akasema: "Baba, rudi ukae, tumalize safari."

Niliijua sauti ile. Ilikuwa yangu. Kila kitu kilikuwa changu: kule kuinama, kule kuheshimiwa nisikostahili, kule kutotazamwa usoni. Nilirudi kitini nikiwa nimefahamu jambo ambalo abiria wangu wote wa nyuma walilifahamu kabla yangu, kwamba ukisemeshwa hivyo umekwisha kuhesabiwa kuwa hatari.

Tulipotua Nairobi tuliambiwa tukae vitini. Polisi wawili wakaingia. Tangu Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, rubani ana mamlaka ya kumkabidhi kwa vyombo vya dola mtu aliyehatarisha usalama wa ndege, na huyo mtu siku ile aliketi kiti cha dirishani akiwa na blanketi la zawadi kwa mama yake. Niliandika taarifa, nikasubiri, nikaandika nyingine. Wangeweza kunifikisha kortini. Afisa wa zamu alinionya kwa muda mrefu, akaniachilia usiku.

Nje kulikuwa na matatu nzima iliyokodiwa kutoka Nyeri: mama, mke wangu, dada zangu, akina mama wa chama, na chupa nne za chai. Walikuwa pale tangu mchana. Kwetu msafiri hupokewa kwa nyimbo, lakini sauti zilikuwa zimewaishia. Mke wangu alisema, "Baba Njeri, walituambia ndege imetua saa nane." Mama akauliza kama nimekula.

Na sasa lile nililoliruka kanisani: tulipofika Kenol gari likasimama watu wajisaidie, nikazunguka nyuma yake nikavuta. Mbili.

Krismasi ile binti wa dada yangu, aliyekuwa akisomea uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, alichoka na utetezi wangu wa kisahani cha majivu. Akatoa simu akanisomea. Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya shirika la Varig la Brazil, safari namba 820, ilikuwa dakika chache tu kabla ya kutua Orly, Paris, moto ulipozuka katika choo cha nyuma. Kilichoshukiwa ni sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi. Marubani waliishusha shambani. Kati ya watu 134 walikufa 123, wengi wao kwa moshi, wamefungwa mikanda vitini mwao. Kati ya 11 waliopona, kumi walikuwa wafanyakazi wa ndege. Baada ya hapo ndipo mamlaka zilipokazania marufuku ya kuvuta vyooni, mapipa yasiyopitisha moto na visahani vile.

Nikakumbuka chupa tatu za maji. Nikasikia baridi mgongoni. Kisha nikatoka nje, nikawasha. Mtu asiyevuta hawezi kuelewa sentensi hiyo, na mvutaji hahitaji kuelezwa.

Mkataba wangu wa Ghuba ulipokwisha nilirudi kwenye matatu, safari hii kama dereva, Nyeri kwenda Nanyuki. Mapema mwaka 2017, tukiwa tumepita Kiganjo, kijana wa kiti cha nyuma akawasha sigara. Karibu na Naro Moru nikasimamisha gari, nikazunguka, nikafungua mlango, nikainama. Nikasema yale maneno kwa sauti ile. Kijana akanisikiliza vizuri, kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu, ambako pakiti ilikuwa imechungulia.

"Na hiyo ni ya nani?"

Gari zima likacheka. Mama mmoja mwenye gunia la karoti akasema, "Dereva, mjibu mtoto." Sikuwa na jibu. Nikamwambia ashuke amalizie, tutamngoja. Tukasimama wawili kando ya barabara, upepo wa mlima unavuma, kilele kimejifunua chote kama kinavyofanya asubuhi za baridi. Akanipa kiberiti, kwa wema kabisa. Watu kumi na watatu walikuwa wanatutazama kupitia vioo. Sikukipokea. Nilikuwa namfikiria yule msichana: mfuko wake wa shati ulikuwa mtupu, ndiyo maana sauti yake ilinirudisha kitini.

Niliacha wiki hiyo. Siku tatu za kwanza nilikosana na kila mtu, hadi mbwa. Mama wa kibanda aliyekuwa akiniuzia vijiti alinizoesha njugu: nikifika, ananipa karatasi iliyosokotwa ya njugu kabla sijafungua mdomo. Nilianguka mara mbili. Usiku wa kungoja matokeo ya uchaguzi Agosti 2017 nilivuta nne, na Oktoba, kwenye mazishi Othaya, nilivuta moja nyuma ya hema nikiwa na mzee wa kanisa ambaye sitamtaja. Hiyo ndiyo ya mwisho.

Miaka mitano baadaye nilipanda ndege tena, Nairobi kwenda Mombasa, harusi ya yule binti wa dada yangu. Safari haifiki saa moja. Hata hivyo nilienda choo cha nyuma. Kisahani kilikuwa pale mlangoni, chini ya alama ya sigara iliyokatwa mstari mwekundu. Nikakifungua kwa kidole. Hakikuwa na majivu. Kulikuwa na peremende ya kutafuna, mtu ameibandika ndani, bado ina alama za meno.