Nguzo ya Wazima Moto

Twataka kuwasimulia jinsi mtoto wa shule alivyotufundisha sisi mwalimu wake kuchungua habari za kale.

Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za mji wa Chicago, ulioko Marekani. Tuliwaambia watoto kwamba mwezi wa Oktoba 1871 moto mkubwa uliunguza mji ule, ukaua watu wapata 300, na wengine wapata 100,000 wakakosa makao. Mwezi wa Desemba 1872 kikawekwa Kikosi cha 21 cha wazima moto. Watu wake walikuwa weusi, ila kapteni wao alikuwa Mzungu. Nao walikuwa kikosi cha kwanza cha watu weusi kupewa mshahara kwa kazi hiyo mjini mle. Kisha tukasema, "Mwaka 1878 Kapteni David Kenyon wa kikosi hicho alibuni nguzo ya kuteremkia." Tukafunga kitabu.

Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyeteremka kwanza?" Tukamjibu kwa ukali kwamba swali hilo halimo katika somo. Akaketi kimya. Lakini usiku ule swali lake lilitunyima usingizi, kwani kwa kweli hatukujua.

Basi tukaanza kutafuta. Habari fupi tulizozipata kwanza zilimtaja kapteni peke yake. Baadaye tukapata habari ndefu zaidi, iliyoeleza nyumba ya kikosi kile ilivyokuwa. Juu kabisa yaliwekwa majani makavu ya farasi, na pamoja nayo mti mrefu, uliotumika kuyakaza garini yasianguke njiani. Siku moja watu walipokuwa wakipanga majani kule juu, wakaitwa motoni. George Reid, mmoja wa wale wazima moto, hakungoja ngazi; aliukumbatia mti ule, akateleza chini upesi. Kapteni akaona, akafikiri.

Kapteni naye astahili sifa yake. Alikwenda kwa mkuu wa wazima moto kuomba ruhusa ya kutoboa sakafu, akapewa kwa sharti kwamba matengenezo yatakuwa juu ya kikosi chenyewe. Wakachonga msonobari wa Georgia hata ukawa na upana wa inchi 3, wakaulainisha, wakaupaka vanishi na nta. Watu wakawaona kama wenye wazimu. Lakini Kikosi cha 21 kilipozoea kuwatangulia wengine motoni, kicheko kikaisha, na mkuu akaamuru kila nyumba ya wazima moto mjini iwekewe nguzo. Mwaka 1880 nguzo ya shaba ikawekwa katika mji mwingine.

Tuliporudi darasani tulikiri mbele ya watoto wote kwamba tulimkemea mwenzao bila haki. Tukaandika ubaoni jina la George Reid kando ya jina la Kenyon. Kisha tukamwuliza yule mtoto sababu ya swali lake. Akajibu kwa haya, "Nyumbani wasema babu alichoma matofali ya shule hii. Lakini jina lililoandikwa ukutani ni la aliyeamuru ijengwe."

Hatukuwa na la kusema. Tumefundisha ndani ya nyumba hii miaka 8, tukipita chini ya jina lile kila asubuhi, wala hatujapata kuuliza matofali yalitoka mikononi mwa nani. Jumamosi ile tulikwenda kwa mzee yule na daftari letu. Alikaa kivulini, akahesabu kwa vidole, akatutajia majina 11. Na kila jina alituambia mtu huyo alikuwa wa mlango gani, na kama yu hai. Walio hai walikuwa 3, yeye mmoja wao.

Basi, ndugu zetu, mwenye babu asingoje kesho. Achukue kalamu leo.