Nguvu Ndogo Ndiyo Isogezayo Jino

Wazazi kadhaa wa mji wetu wa Bunia, wakiisha kumwona binti yetu mkubwa akicheka, hutuuliza swali moja: "Mwalimu, hizo nyaya za kinywani ni za nini, na mtoto azistahimilije?" Twaona vema kuwajibu wote kwa pamoja, kwa maana jambo hili bado ni geni kwetu, na jambo geni huvuta maneno mengi yasiyo na ukweli.

Binti yetu ana miaka 13. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamechomoza sana, na yale ya chini yalikuwa yakimpiga kwenye kaakaa kila atafunapo, hata yakamwachia vidonda. Basi hatukutafuta urembo. Kama ingalikuwa mwanya tu, tusingalitoa hata faranga moja, kwa kuwa mwanya kwetu ni uzuri wala si kasoro. Lakini kidonda kisichopona ni jambo jingine. Tukajinyima, tukasafiri naye mpaka Kampala, na huko daktari wa meno akambandikia kila jino kishikizo kidogo cha chuma, kisha akapitisha waya mwembamba katika vishikizo vyote.

Jioni ile ya kwanza mtoto alijivuna kwamba haumwi kitu. Usiku maumivu yakaja. Daktari alikuwa ametuonya: maumivu huanza baada ya saa chache, huzidi siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua, na kwa kawaida huisha katika muda wa juma moja. Ndivyo ilivyokuwa. Siku zile alikula uji, ndizi zilizopondwa, ugali laini na sombe, na samaki wa Kasenyi aliyetolewa miiba yote. Mahindi ya kuchoma, miwa, karanga na mifupa alikatazwa, si kwa juma moja tu, bali kwa muda wote wa matibabu, maana vyakula hivyo hubandua vishikizo. Ndugu zake nao wakaacha mahindi ya kuchoma juma lile, ili dada yao asitamani peke yake. Palipomkwaruza shavu, tulibandika nta kidogo juu ya chuma, naye akasukutua kwa maji ya chumvi.

Walakini maumivu hayakuwa jaribu kubwa. Jaribu kubwa lilikuwa sauti yake. Shuleni ndiye aliyekuwa akisomea wenzake kwa sauti. Sasa kila herufi "s" na "z" ilitoka na mluzi, wenzake wakacheka, naye akafunga kinywa. Hata akiulizwa jambo alilolijua, alitikisa kichwa tu. Hilo lilituumiza kuliko gharama zote. Tukaona haifai kumkemea wala kumbembeleza; tukampa kazi. Kila jioni baada ya chakula alimsomea bibi yake, asiyejua kusoma, ukurasa mmoja. Bibi hakucheka mluzi. Alichotaka ni kujua habari inavyoendelea. Kabla ya mwezi kwisha ulimi ulikuwa umejifunza njia yake mpya, na binti akainua mkono tena darasani.

Bibi huyo ndiye aliyetufikirisha siku moja, aliposema, "Mjukuu wangu, watu wa kale walichonga meno yao wala hawakulia." Ni kweli: Bambuti wa msitu wetu wa Ituri walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na Wajaluo wa Kenya waliwang'oa vijana wao meno sita ya chini. Lakini tupambanue. Tupa huondoa sehemu ya jino, na kilichoondolewa hakirudi kamwe. Waya hauondoi kitu, husogeza tu. Je, jino lililosimama katika mfupa husogeaje bila kuvunjika?

Siri ni kwamba jino halikugandamana na mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa mna utando mwembamba wa nyuzinyuzi, usiofikia hata nusu ya milimita. Waya unaposukuma jino, upande mmoja utando hubanwa, na hapo huja chembe hai ambazo kazi yake ni kula mfupa. Upande wa pili utando huvutwa, na hapo huja chembe nyingine zinazojenga mfupa mpya. Basi jino husonga kama mtu ahamaye nyumba huku wajenzi wakibomoa ukuta mbele yake na kuujenga tena nyuma yake. Mwendo wake ni wa milimita moja hivi kwa mwezi. Ndiyo sababu kazi hii huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu, miwili, au hata mitatu.

Maarifa haya yana historia. Mwaka 1728, mjini Paris, Pierre Fauchard alieleza katika kitabu chake jinsi ya kunyoosha meno kwa kuyafunga kwenye kipande cha madini. Mmarekani Edward Angle, aliyefariki mwaka 1930, akaunda vishikizo ambavyo ni wazazi wa hivi vya leo. Na tangu miaka ya 1970 madaktari hutumia waya wa nikeli na titani, ambao ukipindwa hurudi polepole katika umbo lake la kwanza, na kwa kurudi huko huvuta meno bila ukali.

Neno "bila ukali" tulilielewa siku tuliposhindwa kwenda Kampala. Barabara ya Mahagi ilikuwa na hofu, na siku ya kuonana na daktari ikapita. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, mtu mwema sana, akaja na koleo yake. "Mwalimu," akasema, "waya ni waya. Nikikaza kidogo hapa, mtoto hatachelewa." Tulimshukuru kwa moyo wake, tukakataa. Nguvu ikizidi, damu hukatika katika ule utando, chembe za kazi hufa, na jino, badala ya kwenda mbio, husimama. Pengine mzizi wenyewe hufupishwa. Kwa simu daktari alituambia tungoje: waya uliomo waendelea na kazi yake, na kuchelewa si hasara kama kulazimisha.

Kwa hiyo twawasihi vijana: msijifanyie nyaya wenyewe. Hasa msivishe kipande cha mpira kwenye meno mawili ili kuziba mwanya. Mpira huo huteleza chini ya ufizi, hupanda taratibu kwenye mzizi, huharibu mfupa, na meno mazima huweza kung'oka. Nanyi wazazi ambao watoto wenu wamevishwa nyaya, simamieni mswaki kila baada ya chakula, na mpunguze sukari, kwani uchafu ukikaa kando ya vishikizo huacha madoa meupe ya kuoza.

Sasa ni mwezi wa tisa. Vidonda vya kaakaa vimepona. Safari bado ni ndefu, na hata nyaya zikiisha kuondolewa kazi haitakuwa imekwisha: mfupa mpya bado ni mchanga, na nyuzi za ufizi hutamani kulirudisha jino lilikotoka. Itampasa avae kishikilio kila usiku kwa miaka. Tumekwisha kumwambia hayo mapema, ili asije akadhani amedanganywa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kishikilio nacho kitampa mluzi. Tulimjibu kweli: kwa siku chache, ndiyo.